Dodoma kwa miguu: mwongozo kamili wa kuutembea mji wa zamani, kutoka stesheni hadi Majengo

Dodoma haina Mji Mkongwe kama Unguja, wala magofu kama ya Kilwa. Ndiyo maana wengi wanasema ni mji wa juzi, mji wa wabunge na ofisi za serikali. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Historia ya Dodoma ipo, ila imekaa kwenye majina. Konda akipiga kelele "Jamatini! Majengo! Tambukareli!" anataja kumbukumbu za zaidi ya miaka mia moja. Kinachohitajika ni kushuka kwenye gari, kuvaa viatu vizuri na kuyafuata majina hayo kwa miguu, moja baada ya jingine.

Njia ninayoieleza hapa nimeitembea mara nyingi, peke yangu na pia na wapwa zangu, wageni na wanafunzi. Sehemu yake kubwa inatembeleka kwa nusu siku, maana mji wa zamani ni mdogo. Sehemu ya mwisho iko mbali kidogo, itabidi uchukue bajaji.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na majira. Mvua za Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na hata hiyo huwa ya kuhesabu. Miezi ya kutembea ni Mei hadi Oktoba. Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kweli na upepo mkali, kwa hiyo beba sweta utakalolivua saa nne. Septemba na Oktoba jua linachoma na vumbi ni jingi.

Ukitoka mkoa mwingine, angalia pia kalenda ya Bunge. Mkutano wa bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo nyumba za wageni hujaa na bei hupanda. Ukija Julai au Agosti utapata chumba bila kuhangaika.

Anza saa moja asubuhi. Hili nimejifunza kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipowatembeza wapwa zangu tulianza saa tano, na ilipofika saa saba mdogo wao alitokwa damu puani katikati ya barabara. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni kavu. Mtoto aliyezoea unyevunyevu wa Dar es Salaam au Tanga huipata hiyo taabu haraka. Tulikaa kivulini kwa mwenye duka mmoja, akatupa maji na kitambaa, na safari ikaishia hapo. Tangu siku hiyo sitoki bila lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, kofia na mafuta ya kujipaka midomoni.

Beba pia daftari dogo na kalamu. Simu inatosha kwa picha, lakini daftari huwafanya wazee wakuone umekuja kwa nia. Usisahau hela ndogondogo, kwa ajili ya chai, karanga na nauli ya bajaji.

Kuhusu picha, kanuni ni rahisi: usipige picha majengo ya serikali, polisi, jeshi, Bunge wala miundombinu ya reli kabla ya kuomba ruhusa. Mimi niliwahi kuinua simu mbele ya ofisi moja ya zamani, nikivutiwa na madirisha yake tu. Mlinzi alinisimamisha nusu saa nzima mpaka nikafuta picha zote za siku ile, hata za soko. Bado inaniuma. Siku hizi naanza na mlinzi: salamu, maelezo mafupi, kisha ombi. Akikataa, naandika kwa maneno ninachokiona, na mara nyingi maandishi hayo yananifaa kuliko picha.

Kituo cha kwanza: stesheni ya zamani

Nasema stesheni ya zamani kwa sababu sasa zipo mbili. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na watu wengi hufika kwa hiyo. Wewe, hata ukija kwa SGR au kwa basi linaloishia stendi kuu ya Nanenane, mwambie dereva wa bajaji akupeleke stesheni ya reli ya zamani, ile ya katikati ya mji.

Ukifika, kwanza jiweke sawa na ramani. Reli inapita mashariki hadi magharibi. Upande wa kaskazini wa reli ndiko mji wa biashara ulikoota. Kwa hiyo ipe reli mgongo, na karibu kila kitu utakachokitembelea kwa miguu leo kiko mbele yako. Hutapotea.

Sasa geuka tena uiangalie reli yenyewe. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo, misafara ya pembe na nguo ilipita Ugogo, nchi ya Wagogo, kwa miguu, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, ushuru wa enzi hizo, kwa maji na njia, maana katika nchi hii kavu mwenye kisima ndiye mwenye mamlaka. Mji tunaoutembea leo ulikua kwa sababu reli ilisimama hapa.

Pima kwa macho nafasi kati ya pau mbili za reli ya zamani: ni mita moja kamili, hatua moja ndefu ya mtu mzima. Ya SGR ni milimita 1,435. Ukikutana na kipande cha reli kuukuu kilichosimikwa kama nguzo ya uzio, na mjini vipo, inama uangalie ubavuni. Viwanda vingi vya chuma viliandika jina na mwaka kwenye chuma chenyewe kikiwa bado cha moto. Futa vumbi kwa kidole, herufi zitajitokeza. Watoto hulipenda jambo hili kuliko maelezo yoyote utakayowapa.

Usiondoke stesheni kabla ya kuwaza mwaka 1916. Tarehe 29 Julai mwaka huo majeshi ya upande wa Uingereza, chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini, yaliingia Dodoma yakitokea Kondoa Irangi na kuikata reli ya Wajerumani. Katika vitabu hiyo ni habari ya ushindi. Kwa Wagogo ulikuwa mwanzo wa maafa. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kubadilishana na chakula. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na jina hilo bado linatajwa katika familia za huku. Hakuna kibao cha Mtunya hapa stesheni. Ninapokuja na watu, tunasimama kimya kidogo, nawasimulia, kisha tunaendelea.

Upande wa pili wa reli kuna kata inaitwa Tambukareli. Kutambuka ni kupiga hatua juu ya kitu ukakivuka. Kata nzima imepewa jina la kitendo walichokifanya wakazi wake kila siku kwenda sokoni na kazini: kutambuka reli. Ukiwa na muda, vuka kwenye kivuko halali, usikatize relini, usimame upande ule dakika tano uutazame mji kama walivyouona wao.

Kituo cha pili: hoteli ya reli

Karibu na stesheni kuna New Dodoma Hotel, ambayo zamani ilikuwa hoteli ya reli. Abiria wa enzi hizo walihitaji mahali pa kulala, na si wa treni peke yao. Dodoma ilikuwa njia panda, kwani barabara kuu ya kutoka kaskazini kupitia Arusha, Babati na Kondoa kwenda Iringa na kusini ilikatiza reli hapa. Miaka ya 1930 pakaongezeka na ndege, pale Imperial Airways ilipokuwa ikiruka kati ya London na Cape Town kwa vituo vingi na kutua Dodoma. Kata inayoitwa Kiwanja cha Ndege ina jina lenye sababu, basi.

Ingia hotelini uagize chai au soda, ukae uani. Jengo limeongezwa na kukarabatiwa, lakini mpangilio wa vyumba kuzunguka ua bado unakueleza ulikuwa mji wa namna gani. Robo saa inatosha.

Kituo cha tatu: barabara za namba, Uhindini na Jamatini

Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu, nawe usiharakishe.

Kutoka stesheni ingia kaskazini. Utakutana na mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, mingi ikiitwa kwa namba: Barabara ya Sita, ya Saba, ya Nane. Mji uliopimwa kwa kamba namna hii hukua kwa mpango wa mtu, na mtu huyo alikuwa mkoloni. Miji ya reli ilipangwa kwa mafungu matatu. Wazungu walikaa kwenye nafasi na miti, Wahindi na Waarabu kwenye maduka, Waafrika kwenye viwanja vidogo vilivyobanana. Dodoma mafungu hayo yamebaki kama majina ya mitaa na kata: Uzunguni, Uhindini na Majengo. Leo unapita Uhindini ukiwa unanunua chaja ya simu tu, lakini jina linakukumbusha nani aliruhusiwa kuishi wapi.

Namna ya kuutembea mtaa wa maduka ya zamani ni hii. Chagua upande mmoja wa barabara, simama upande wa pili, kisha inua macho. Chini kote ni vioo, mabango ya mitandao ya simu na nguo zilizotundikwa. Historia iko juu. Angalia ukuta unaopanda mbele ya paa kuficha bati. Katika miji hii wafanyabiashara wengi waliandika hapo mwaka wa ujenzi, na wakati mwingine jina la familia au herufi za mwanzo. Angalia kama duka liko chini na makazi juu. Angalia baraza, ule ukumbi wa mbele wenye nguzo, unaomruhusu mteja kusimama kivulini bila kuingia ndani. Cherehani za mafundi nguo zilikaa hapo, na kwingine bado zipo. Angalia pia milango ya mbao yenye mbao zinazokunjwa, kabla haijabadilishwa yote kuwa ya chuma.

Kisha vuka barabara, ukaguse. Ukuta wa zamani ni mnene, na ukiugonga kwa kifundo cha kidole hautoi sauti ya utupu. Plasta iliyobanduka kwenye pembe hukuonyesha kilichomo ndani, iwe jiwe, tofali la kuchoma au tofali la saruji. Chora kwenye daftari. Mwenye duka akikushangaa, msalimie na umweleze. Wengi hufurahi, na baadhi watakuita ndani kukuonyesha dari ya mbao au sakafu ya rangi ambayo mteja wa kawaida hajawahi kuitazama.

Nyumba hizi zinaondoka. Katika miaka michache nimeona zaidi ya moja ikizungushiwa mabati leo, na kesho kutwa pana shimo la msingi wa ghorofa. Mji lazima ujengwe, siupingi ujenzi. Ila nyumba kabla ya kubomolewa ingepigwa picha pande zote nne na kuandikwa ilikuwa ya nani, kazi ambayo mtu mmoja mwenye simu anaimaliza kwa saa moja.

Ukiuliza watu wakuonyeshe Jamatini, watakuelekeza bila kufikiri, kwa sababu kwa miaka mingi ndipo zilipokuwa daladala. Vijana wengi wanadhani ni jina la kituo tu. Jamatini ni nyumba ya ibada ya Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, ambao walikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa miji ya reli. Kituo kilichukua jina la jengo, na sasa jina linafahamika kuliko jengo lenyewe. Litazame ukiwa nje, kwa heshima, usiingie bila kukaribishwa. Mtaa wa One Way, ambako nguo na viatu vinauzwa toka asubuhi hadi usiku, unaweza kuupitia ukielekea mbele. Hapo shika begi lako vizuri.

Kituo cha nne: makanisa

Katikati ya mji yapo makanisa makuu ya madhehebu tofauti, na unaweza kuyatembelea kwa mfululizo. Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu ni la Anglikana, makao ya Dayosisi ya Central Tanganyika iliyoundwa mwaka 1927, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia. Dayosisi hiyo ina mkono wake katika shule na hospitali nyingi za Ugogo, Mvumi ikiwemo. Kanisa kuu la Katoliki ni la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, na jina hilo peke yake linakupa historia: huyo ndiye mwanzilishi wa shirika la Wapasionisti, mapadre waliofanya kazi ya kimisionari huku kuanzia miaka ya 1930. Kanisa la Dodoma lilianza kama eneo dogo la kimisionari mwaka 1935, likawa jimbo 1953 na jimbo kuu 2014. Walutheri nao wana kanisa lao kuu.

Usiende Jumapili asubuhi kutalii, watu wanasali. Siku za kazi nenda ofisi ya parokia au usharika, jitambulishe, na omba kuingia. Ukiwa ndani kaa kwenye benchi la nyuma kwanza, macho yazoee giza, halafu ndipo uanze kuangalia. Kwenye kuta za makanisa huwa kuna vibao vya kumbukumbu vyenye majina na miaka. Visome vyote, hata vile vidogo vilivyochakaa.

Kituo cha tano: Nyerere Square

Baada ya mwendo huo, Nyerere Square ni mahali pa kupumzika. Kuna sanamu ya Mwalimu, kuna vivuli, kuna wapiga picha wanaoishi kwa wageni. Keti, kunywa maji, kisha wasimulie wenzako kwa nini sanamu hii ina haki ya kusimama hapa.

TANU, chama tawala cha wakati huo, iliyapelekea matawi yake swali la kuhamisha makao makuu kutoka Dar es Salaam. Matawi 1,859 yalijibu: 1,017 yalikubali, 842 yalikataa. Mwaka 1973 uamuzi ukapitishwa. Hoja zilikuwa za wazi: Dodoma iko katikati ya nchi, watu wa pande zote wanaifikia, na mji mkuu usiwe ule uliokuzwa na mkoloni kwa ajili ya bandari yake. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliijua kwa jina la CDA. Mpango mkuu wa mji ulichorwa na kampuni ya Kanada na kutoka mwaka 1976, ukitaka mji ambao mtu anatembea kwa miguu na kupanda basi, wenye vitongoji vilivyotenganishwa na kijani. Kuhama kulitarajiwa kuchukua miaka kumi.

Haikuwa hivyo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha, uchumi ukayumba, na wizara zikabaki Dar es Salaam. Bunge lilihamishia vikao vyake hapa miaka ya 1990. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza hapahapa Dodoma kwamba serikali inahama, na Septemba mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. CDA ilivunjwa 2017 na kazi zake kukabidhiwa kwa halmashauri. Tarehe 26 Aprili 2018, siku ya Muungano, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na sheria ya kuithibitisha kuwa makao makuu ikapitishwa mwaka huohuo. Kutoka kura za matawi hadi sheria imepita miaka zaidi ya arobaini. Wazee wa Dodoma walizeeka wakisubiri, na wengine waliondolewa mashambani mwao kupisha viwanja vya mji ule uliokuwa unakuja. Msimulie msikilizaji wako na hilo pia.

Kituo cha sita: Soko la Majengo na jina la mji

Malizia mwendo wa miguu Majengo, maana utakuwa na njaa. Kwa mama ntilie yeyote agiza ugali na mlenda, chakula cha nyumbani kwa Wagogo. Ukipata ugali wa uwele au mtama badala ya sembe, una bahati. Miezi ya Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, zabibu za Dodoma huwa zimeiva. Nunua kichala, osha kwa maji yako ya kunywa, na ule ukitembea.

Sokoni ndipo pa kuuliza habari ya jina. Mzee aliyekaa kivulini mwamkie kwa heshima, "Shikamoo babu," na usubiri marahaba yake kabla ya kuuliza lolote. Ukijua kusema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa waliokaa kundi, nyuso zitafunguka papo hapo. Kisha uliza: kwa nini panaitwa Dodoma?

Utapata masimulizi mawili, na yote yanarudi kwenye neno la Kigogo *idodomya*, imezama. La kwanza ni la tembo aliyekuja kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakapaita pale alipozamia. La pili wazee hulisimulia wakicheka. Wagogo waliwachukua ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja na kuwala wote, ila mikia wakaisimika kwenye tope. Wenye ng'ombe walipofika kudai mali yao wakaonyeshwa mikia: jamani, mifugo yenu imezama, idodomya! Usimwambie mzee kwamba umesoma toleo jingine. Andika analosema kama anavyolisema, pamoja na maneno ya Kigogo, na umwombe akutamkie taratibu.

Vituo vya kwenda kwa bajaji

Vifuatavyo viko mbali na mji wa zamani. Kubaliana nauli ya mzunguko mzima na dereva kabla ya kupanda.

Nenda kwanza Kikuyu, kusini mwa reli, kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925. Kuna makumbusho ya miamba na madini. Nenda siku ya kazi, saa za ofisi, na ujitambulishe getini. Ukitoka humo utaelewa vile vilima vya mawe vinavyozunguka mji: ni matale (graniti) ya zamani mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, miongoni mwa miamba mikongwe barani Afrika. Kwa maoni yangu hiki ndicho kituo kinachosahauliwa zaidi, na ndicho ningempeleka mwanafunzi wa sekondari kabla ya kingine chochote.

Bunge liko mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Vikao vikiwa vinaendelea, wananchi huweza kuingia kusikiliza kwa utaratibu: beba kitambulisho, vaa mavazi ya heshima, na uliza mapema. Ukiwa ndani waulize wakuonyeshe Ukumbi wa Msekwa, uliotumika kwa vikao kabla ya ukumbi mkubwa wa sasa.

Makao makuu ya CCM, ambayo wenyeji huyaita White House, utayatazama ukipita tu. Chama kilizaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na ASP ya Zanzibar. Uwanja wa Jamhuri pia upite: Machi 2021 ndipo ilipofanyika hafla ya kitaifa ya kumuaga Rais Magufuli. Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa 2010, ni kati ya mikubwa nchini. Epuka saa za swala, vua viatu, kinamama wajifunike kichwa, na muombe mhudumu akuongoze.

Ukibaki na nguvu, malizia Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Kabla ya chuo kufunguliwa mwaka 2007, hapo palikuwa Mazengo Sekondari, na kabla ya hapo Alliance. Mtemi Mazengo wa Mvumi alikuwa kiongozi mashuhuri wa Wagogo wakati wa Waingereza. Waliosoma pale wametawanyika nchi nzima. Ukikutana na mmoja, taja Mazengo, ukae usikilize.

Kama umekuja Ijumaa, lala. Jumamosi kuna mnada wa Msalato: ng'ombe, mbuzi, nguo, na nyama choma ambayo inastahili safari yake peke yake.

Namna ya kuandika ulichokiona

Jioni hiyohiyo, kabla hujalala, fungua daftari. Kwa kila jengo andika mambo manne: liko mtaa gani, limejengwa kwa vifaa gani, limeandikwa nini, na nani alikusimulia. Jina la msimulizi liandike kama amekubali tu. Picha zipe majina ya mitaa, usiziache na namba zilizopewa na simu, baada ya mwezi hutakumbuka ipi ni ipi. Ukirekodi sauti, omba ruhusa kwanza na umwambie mzee utaitumiaje.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: rudi. Wiki inayofuata mpelekee mzee yule maandishi yako umsomee. Mimi nilirudi Majengo kumsomea mzee mmoja ukurasa wangu kuhusu duka la zamani la nafaka. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka polepole, akanishika mkono na kunirudisha hatua kama ishirini nyuma, mbele ya kibanda cha kutengeneza simu. "Hapana, mwanangu," akasema, akigonga ardhi kwa mkongojo. "Lilianzia hapa. Pale ulipoandika wewe palikuwa na mbuyu." Nikatoa kalamu, nikafuta, nikaandika upya palepale huku akinishikia daftari.